Jirani Yetu wa Bondeni

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipoanzishwa mwaka 2002, umejengwa kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Babati. Mlima Kwaraa wautazama kutoka juu, nalo ziwa laupokea kutoka chini. Maji ya mvua hayaombi ruhusa ya mtu. Hushuka mlimani, hupita katika nyua zetu, kisha huenda bondeni, nayo huchukua kila kitu yakutanacho nacho njiani. Twautaja mji wa Babati, lakini msomaji wa Tabora au wa Songea aweza kuweka hapo jina la mji wake mwenyewe, asikose neno.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mji huo watu zaidi ya 90,000. Ile ya mwaka 2022 ikapita laki moja. Watu wakiongezeka, vyoo navyo huongezeka, na kaya nyingi hutumia shimo au karo lililochimbwa uani. Shimo hujaa. Hapo ndipo dhamiri ya Mkristo hupimwa, ingawa wengi wetu hatujapata kufikiri kwamba choo ni jambo la dhamiri.

Maana iko desturi moja ambayo kila mtu wa mjini aijua, wala hakuna aitajaye mbele ya wageni. Yaitwa kutapisha. Mwenye nyumba husubiri mvua kubwa ya usiku, akatoboa ukuta wa shimo, na maji ya mvua yakambebea mzigo wake mpaka kusikojulikana. Asubuhi ua wake ni safi. Lakini huko kusikojulikana twakujua sana: ni kisima cha mjane aliye chini, ni mfereji wachezamo watoto, na mwisho wake ni ziwa wavuamo samaki. Mwaka 1990 ziwa lilipofurika, maji yaliingia mjini; na maji yaingiayo mjini huingia pia katika mashimo ya vyoo, yasimwulize mtu kama alitapisha au hakutapisha.

Waisraeli walipokuwa jangwani, Sheria ya Musa iliwaamuru watoke nje ya kambi, wachimbe, na kufukia uchafu wao, kwa sababu Mungu mwenyewe alitembea katikati ya kambi yao. Imeandikwa katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 23. Wengine hucheka waisomapo. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Twaona kwamba Mungu hakuona aibu kuzungumza na watu wake juu ya jembe na shimo. Na Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba maji safi ya kunywa ni haki ya msingi ya kila mwanadamu. Basi mwenye kuyachafua maji ya jirani amemnyang'anya haki yake, na jambo hilo ni la kuungamwa.

Mwaka 1854 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 600 katika mtaa mmoja wa London. Daktari John Snow alisema ugonjwa ulitoka katika pampu ya maji ya Broad Street. Mchungaji mmoja kijana wa Kianglikana, Henry Whitehead, hakumwamini. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akiketi na wafiwa na kuwauliza maswali, akitumaini kuonyesha kwamba daktari amekosea. Mwishowe yeye mwenyewe ndiye aliyegundua chanzo: mtoto mchanga aliugua kuhara, mama akafua nepi zake, na maji yale yakamwagwa katika shimo la nyumba. Shimo hilo lilikuwa bovu, na kati yake na kisima haikufika mita moja. Mama yule hakuwa na kosa, hapana aliyemwambia. Sisi tumeambiwa. Nchini mwetu kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi wa Agosti 2015 kilishika watu zaidi ya 20,000 katika mikoa mingi.

Mtu atauliza: uchafu uende wapi, basi? Uende kwa gari la kunyonya majitaka, hata mahali palipoandaliwa kuusafisha. Njia iifaayo nchi yetu ya jua ni mabwawa. Bwawa la kwanza huwa na kina kirefu. Humo uzito hutulia chini, na vijidudu vidogo huula pasipo hewa. La pili ni la kina kifupi zaidi, na mwani wake wa kijani hutia hewa majini. La tatu ni fupi kabisa, na hapo jua huua vijidudu vya maradhi. Mayai ya minyoo hutuama njiani. Mabwawa hayo hayahitaji mtambo wala umeme, ila uwanja, siku nyingi za kutulia, na mtu wa kufyeka majani na kuondoa tope kwa wakati wake. Yakisahauliwa hujaa tope, yakawa mashimo makubwa tu. Kule Moshi yapo, na wakulima wa mpunga walio chini yake huyatumia maji yatokayo.

Kazi hiyo yataka fedha, na Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 imeziweka huduma zote mbili pamoja. Kwa Babati chombo chake ni mamlaka ya maji, BAWASA. Lakini mamlaka haiwezi kusafisha uchafu usioifikia. Mwenye nyumba apokeaye kodi ya vyumba sita vyenye choo kimoja, kisha akawaambia wapangaji kwamba choo ni chao, huyo anakula jasho la watu. Malipo ya gari ni deni lake. Wala tusiwasahau wale wanaoingia shimoni kwa ndoo, ambao Dar es Salaam huwaita vyura. Twawaita usiku, twawakwepa kanisani mchana. Wanastahili mabuti, glovu, ujira wa haki na nafasi katika benchi letu.

Jumuiya ndogondogo zina mifuko ya misiba na ya arusi. Zaweza kuwa na wa vyoo pia, kila nyumba ikiweka kidogo kila mwezi, na zamu ya gari ikipangwa kabla ya masika. Wakati wa kuchimba shimo jipya, lijengewe kuta imara, liwe mbali na kisima, na upande wa njia lifikiwapo na bomba la gari.