Kitimoto Katika Bakuli la Naruto

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, ana kichwa chepesi cha kuitikia. Mwambie jambo asilolijua, atatikisa kichwa kabla hujamaliza. Kwetu Wamaza, upande wa Kasongo, Maniema, tulimzoea hivyo na hakuna aliyedhani ni ugonjwa, mpaka alipokitikisa kichwa hicho Dar es Salaam, na pesa za watu ziko mfukoni.

Alikulia mbele ya tele. Chumba cha video pale senta kilikuwa na mabenchi manne, paa la bati na grupe, yaani jenereta, lililopiga kelele kuliko filamu yenyewe. Jioni watoto walijazana humo kuangalia katuni za Kijapani zinazosema Kifaransa. Kaka zake walianza na Olive et Tom, wale watoto wa mpira ambao uwanja wao hauna mwisho, mtu anakimbia na mpira hadi kipindi kinakwisha. Yeye alikuja na Naruto. Alijua ukoo wa kila ninja, nani alimfundisha nani, nani alikufa kwa mkono wa nani, na ukimuuliza babu yake mzaa bibi alitoka kijiji gani, anakuambia ngoja nimuulize mama.

Alipopata pesa kidogo za dhahabu upande wa Namoya, na likelemba, mchango wa zamu wa mama zake, likamwongezea, ikaamuliwa afungue chumba cha michezo: mashine tatu za PlayStation, mabuku ya picha ya Kijapani ukutani, vijana walipe kwa dakika. Wazo halikuwa baya. Mimi ndiye niliyemwambia aende Dar. "Kariakoo hakukosekani kitu," nilisema, na mimi Kariakoo nilikuwa nimepita mara moja tu, siku mbili, nikitafuta vipuri vya baiskeli. Hilo naliandika mapema, nisije nikajifanya hakimu.

Akashika njia ya Kabambare, Fizi, Baraka, akavuka ziwa hadi Kigoma, akapanda treni. Ni njia ya zamani hiyo, ila yeye aliipita kinyume. Misafara ya akina Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemwita Tippu Tip, ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka maji, ikaja Kabambare hadi Kasongo. Livingstone naye alikwama huko Kabambare miezi kadhaa mwaka 1870, vidonda vya miguu vimemlaza. Mpunga tunaojivunia leo Maniema tuliupata kwa Waungwana hao. Biashara yao ya pembe na ya watu siisifu hata kidogo. Lakini kusafiri walijua. Mbele ya msafara alitembea kirangozi, pembeni mkalimani, na kabla ya kuingia mji wa watu waliuliza kwanza hongo ni kiasi gani, maji yako wapi, chifu amenuna au amefurahi. Mtu alitembea miezi sita akiuliza kila siku, wala hakujiona mjinga.

Mdogo wangu hakuwa na kirangozi. Alikuwa na Kiswahili chake, na aliamini Kiswahili cha Kasongo ndicho baba wa vyote.

Kariakoo akapokelewa na winga, yule kijana anayekudaka mtaani na kukupeleka dukani, kisha anachukua chake kwa mwenye duka.

"Karibu bosi, unatafuta nini?"

"Natafuta mabuku. Mabuku ya Japani."

Kwetu buku ni kitabu. Dar es Salaam buku ni shilingi elfu moja. Winga alisikia kwamba huyu Mkongo anataka kubadilisha pesa za Kijapani, akamuuliza ni mangapi. "Mengi," mdogo wangu akasema. Winga akamshika mkono. Wakazunguka mchana kutwa kwa watu wa kubadilisha fedha, mmoja anatafuta vitabu, mwenzake anatafuta yen, na kila walipofika mahali mdogo wangu alitikisa kichwa.

Walipoelewana, jua lilikuwa limeinama. Akataja Olive et Tom. Hakuna aliyewahi kusikia. Wangesikiaje? Jina hilo walilitunga Wafaransa. Huko Japani hadithi hiyo inaitwa Captain Tsubasa, ya Yoichi Takahashi, ilianza mwaka 1981, na yule tunayemwita Olivier Atton ni Tsubasa Ozora. Mdogo wangu alikuwa akiulizia mtu kwa jina ambalo hata mama yake mzazi halijui. Na mahali penyewe hapakuwa pake. Angekuwa Tokyo wangemwelekeza Akihabara, mtaa ulioanza na soko la magendo la vipuri vya redio baada ya vita kwisha 1945, au Nakano, ambako Mandarake ilifunguliwa mwaka 1980 kwa kuuza vitabu vya picha vilivyokwisha kusomwa. Angetaka za Kifaransa, ambazo yeye na wateja wake wangeweza kuzisoma, hizo ziko Paris na Brussels, kwenye maduka ambako mtoto wa Kizungu anakaa chini sakafuni anasoma bure mpaka afukuzwe. Kariakoo ina mambo mengi, lakini haina hilo.

Winga hakubali kushindwa. Alimpeleka kwenye stoo ya vipuri vya magari vilivyotoka Japani, na huko, katikati ya mataa ya Toyota, palikuwa na gazeti nene lililotiwa kwenye boksi ili vioo visivunjike. Shonen Jump. Mdogo wangu anasema mikono ilimtetemeka. Akalifungua kutoka kulia, kama tulivyofungua juzuu chuoni, na wale vijana wa stoo wakashangaa kwamba anajua. Wa Kasongo hashangai kusoma toka kulia. Tippu Tip mwenyewe aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Ila herufi za Kiarabu tulifundishwa. Hizi zilikuwa za Kijapani tupu, na hadithi zote zilikatwa kichwa na mkia, maana hilo ni gazeti la kila wiki. Toleo moja la mwaka 1995 lilichapwa nakala milioni 6.53. Bei yake Japani ni yapata yen 300, kama shilingi elfu tano hivi, na wengi wakishamaliza kulisoma wanalitupa. Yeye alitoa elfu arobaini.

"Unaisoma hii?" mwenye stoo alimuuliza.

Akatikisa kichwa.

Mashine alizipata duka la pili, juu ghorofani, kati ya pasi na majiko ya umeme yaliyotumika Japani. PlayStation 2, zile nene za mwanzo zilizotoka huko Machi 2000. Ni mashine nzuri. Ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na fundi yeyote anazijua. Mwenye duka aliwasha moja, mpira ukaanza kuchezwa kwenye kioo, wazi kabisa. Chini ya meza kulikuwa na boksi la chuma ukubwa wa tofali mbili, linavuma kama nyuki. Mdogo wangu analikumbuka kwa sababu alilikanyaga kwa bahati mbaya, akasikia joto kwenye kisigino. Hakuuliza ni nini. Plagi ya mashine ilikuwa na meno mawili bapa, si kama ya kwetu wala ya Tanzania. Hakuuliza pia, akanunua adapta tatu za kuunganishia. Mwenye duka, na hapa siwezi kumlaumu mtu wa watu, alimwambia kwa mdomo wake:

"Hizi ni za Japani kweli, bosi. Mambo ya umeme wake unayajua, sivyo?"

Sina haja ya kusema kichwa kilifanya nini.

Jioni hiyo, akiwa na mzigo wake na furaha yake, akaona amalizie kwa jambo la mwisho alilolitamani tangu utoto: bakuli la rameni. Kila aliyeangalia Naruto anajua kile kibanda cha supu anapokula yule mtoto, mvuke unapanda, vijiti viwili, na kile kipande cheupe chenye mzunguko wa waridi katikati. Kipande hicho ni keki ya samaki, na jina lake hasa ndilo naruto, kutokana na maji yanayozunguka kwenye mlango wa bahari wa Naruto huko Japani. Mdogo wangu hilo alilijua. Alijua kila kitu kuhusu bakuli hilo isipokuwa kilichochemka ndani yake.

Bajaji ikampeleka Masaki, kwenye mgahawa wa Kijapani ambao jina lake nitaliacha. Kwanza wakamletea sushi, na kwa mtu wa Maniema hapo pana matata, kwa sababu sisi wali tunaujua. Akaonja tonge, likawa chachu. Kwetu wali ukiwa chachu umelala, anapewa kuku. Akatazama huku na huku, Wazungu wanakula, akameza. Hakujua kwamba wali huo hutiwa siki na sukari makusudi, tangu zamani. Pembeni ya sahani palikuwa na donge la kijani, laini, kama avokado iliyopondwa. Akalitia mdomoni lote. Wasabi haiunguzi ulimi kama pilipili yetu, inapanda puani na kugonga utosi. Anasema alimwona babu yake aliyekufa.

Halafu bakuli likaja. Mvuke, tambi, yai lililokatwa nusu, mzunguko wa waridi, na vipande viwili vya nyama laini vyenye mafuta ukingoni. Hapo, lazima nimpe haki yake, aliuliza. Yeye ni mtoto wa chuo, funga hakosi. Akamwita kijana wa kuhudumia.

"Ndugu, hii nyama ni ya nini?"

"Kitimoto hiyo, bosi. Na supu yenyewe ni ya mifupa yake, imechemka tangu asubuhi."

Sasa wewe msomaji wa Dar unacheka. Kitimoto ni nguruwe, mtoto wa darasa la pili anajua. Lakini neno hilo halijafika Wamaza. Sisi tunasema nguruwe, basi. Mdogo wangu alisikia kiti, akasikia moto, akaona labda ni namna ya kuchoma. Alikuwa ameuliza swali sahihi, kwa mtu sahihi, akajibiwa ukweli mtupu, na kwa Kiswahili. Kilichobaki ni maneno matatu tu: kitimoto ni nini? Lakini kijana wa watu amesimama, meza ya pili wanatazama, na mtu wa Kasongo atasemaje kwamba Kiswahili kimempita? Akatikisa kichwa, akashika vijiti. Alikunywa mpaka tone la mwisho, kama yule wa kwenye tele.

Alijua maana yake siku tatu baadaye, kwenye treni, karibu na Tabora, alipokuwa akimsimulia mzee mwenye kofia aliyekaa naye kiti kimoja. Mzee akavuta miguu yake taratibu, akageukia dirishani. Kula bila kujua si kosa mbele ya Mungu, masheikh wamesema, nami nilimkumbusha. "Lakini Yaya," alinijibu, na kwetu yaya ni ndugu mkubwa, "nilikuwa nimeuliza."

Wamaza tulimpokea kama bwana harusi. Chumba kikapakwa rangi ya bluu, gazeti likatundikwa ukutani kwa uzi, watoto wakajaa hadi dirishani. Grupe likanguruma. Mashine ya kwanza ikawasha taa nyekundu, ikatoa sauti kama mtu anayekohoa mara moja, kisha harufu ya ndagala walioungua. Akasema hii imeugua njiani. Akachomeka ya pili. Ndagala. Watu wakaanza kumwambia ngoja kwanza, yeye akasema najua, najua, akachomeka ya tatu.

Fundi wetu wa redio, mzee asiye na haraka, aliigeuza mashine moja, akafuta vumbi nyuma kwa kidole gumba. Hakujua Kijapani wala hakukihitaji, kwa kuwa tarakimu ni zile zile duniani kote. Palikuwa pameandikwa 100V.

"Huyu anakula mia," mzee akasema. "Wewe umemlisha mia mbili na ishirini."

Japani wanatumia volti 100, nchi nzima. Lile boksi lililomchoma kisigino lilikuwa transfoma la kushushia umeme, na duka la jirani waliuza mapya kwa bei ndogo kuliko aliyolipia gazeti. Adapta hubadilisha meno ya plagi tu. Umeme unapita humo vile vile ulivyo. Mzee aliweza kufufua moja kwa vipuri vya redio, kisha ikaonekana kwamba diski za Kifaransa tulizokuwa nazo mashine ya Kijapani inazikataa, kwa kuwa kila sehemu ya dunia ilitengenezewa zake. Tukaiacha ilale.

Likelemba analilipa kwa mpunga. Msimu huu amebakiza magunia manne, na mama zake hawamsemeshi sana kuhusu hilo, wanahesabu tu.

Juzi nilimpigia simu kumwambia nataka kwenda Kampala kutafuta kompyuta za shule, kwamba huko ni rahisi na mtaa wenyewe ninaujua. Alinyamaza kidogo.

"Yaya, uliwahi kufika?"

Nikamwambia bado.

"Basi mtaa unaujuaje?"

Nilikuwa nimeuona kwenye simu.