Deni la Mto

Katika pwani ya mashariki ya Uingereza kuna rasi ya kokoto na matope iitwayo Orford Ness. Jeshi lilianza kujaribia ndege zake huko mwaka 1915, baadaye mabomu, na raia wakakatazwa kuikanyaga kwa miaka mingi. Mwaka 1993 shirika la National Trust liliinunua, na ndege wa majini wakawa warithi wake. Askari hakukusudia kuwapa makao. Alikusudia kumzuia mtu tu.

Mwaka huohuo, kwa sadfa, Ruaha Mkuu ulianza kukatika wakati wa kiangazi. Mto huo hulishwa na mito ya Usangu, mmojawapo Mbarali utokao nyanda za Njombe, ambayo maji yake hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu kabla ya kushuka hadi bwawa la Mtera. Huko Ihefu utupu haukuachwa na jeshi. Ulitengenezwa. Kuanzia mwaka 2006 wafugaji waliondolewa, wengine wakapelekwa na ng'ombe zao hadi Lindi. Na mwaka 2008 kinamasi kikatiwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Hapana shaka kwamba kiboko naye ana haki ya maji, wala hana baraza la kushtakia. Lakini je, ni haki deni la mto kulipwa na yule aliyekopa kidogo? Watafiti waliopima maji ya Usangu mwanzoni mwa karne hii walionyesha kwamba mifereji ya mashamba ya mpunga, iliyoachwa wazi hata kiangazi, ilidhuru mto kuliko kwato za mifugo. Mfugaji si malaika. Kundi kubwa huharibu majani. Ila ng'ombe huonekana kutoka mbali, na mfereji hudhaniwa kuwa maendeleo. Mtu wa Uwemba, alimaye kinyungu chake katika unyevu wa bonde, anajua kwamba maji ya mtu wa chini hupita kwanza mikononi mwa mtu wa juu. Naye hakuna aliyemhamisha.

Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba Ruaha Mkuu ungetiririka mwaka mzima ifikapo 2010. Mwaka huo ulifika ukapita. Ng'ombe walikuwa wamekwisha kuondoka, na viboko wakaendelea kubanana katika madimbwi kila kiangazi.