Je, Mwalimu Aweza Kuacha Kujifunza?



Tunapozunguka mitaani twaulizwa neno hili mara nyingi na wainjilisti na wazee wa kanisa: "Baba Mchungaji, sisi twapenda kusoma, lakini nafasi hatuna. Asubuhi ni shamba na ng'ombe, mchana ni wagonjwa na wafiwa, jioni ni darasa. Na usiku mwili umechoka. Je, ni kosa kwamba vitabu vyetu vyakaa vimefungwa?" Swali hili si la kuchekwa, maana aulizaye aumia moyoni. Basi tumeona vema kulijibu hapa, tena tuanze kwa kujishtaki wenyewe.

Tulipokuwa chuoni, kengele ndiyo iliyotuongoza. Ilipolia tuliamka, ilipolia tena tulikaa mbele ya vitabu, wala hakuna aliyeuliza kama nafasi ipo. Tukajidhania kuwa watu wenye bidii. Kisha tukapewa mtaa, na huko hapana kengele ila ya kanisani, nayo ni sisi tunaoagiza ipigwe. Mwaka wa kwanza tulisoma kidogo. Mwaka wa pili tulisoma Jumamosi tu, kwa kutafuta hotuba ya Jumapili. Mwaka wa tatu mchwa walivifungua vitabu vyetu kuliko sisi.

Hata siku moja, katika darasa la kipaimara, msichana mmoja alisimama akauliza: ikiwa Mungu ayajua mahitaji yetu kabla hatujamwomba, mbona twaomba? Tulimjibu maneno tuliyoyaandika katika daftari la chuoni miaka mingi nyuma. Yalikuwa maneno ya kweli. Lakini mtoto yule alitutazama kidogo, akasema kwa adabu, "Asante, Baba Mchungaji," akakaa; nasi tuliona wazi kwamba hakushiba. Alikuja na njaa ya siku ile, nasi tukampa kiporo. Njiani kurudi nyumbani tulitambua ya kuwa bidii ile ya chuoni haikuwa yetu; ilikuwa ya kengele.

Sasa tulijibu swali. Kukosa nafasi si kosa. Mama auguzaye mtoto usiku kucha hatadaiwa kurasa alizokosa kusoma. Lakini liko jambo jingine lijifichalo nyuma ya neno "nafasi", nalo ni kudhani kwamba tumekwisha kujua yatutoshayo. Hilo ni kosa, maana ni kiburi. Tena hasara yake haimwangukii mwalimu kwanza, yawaangukia wale anaowafundisha. Martin Luther alikuwa daktari wa teolojia tangu mwaka 1512. Hata hivyo mwaka 1530, katika dibaji ya Katekisimo Kubwa, alikiri kwamba kila siku asubuhi alizisoma Amri, Imani na Sala ya Bwana neno kwa neno kama mtoto, na kwamba yampasa kukaa mwanafunzi wa katekisimo maisha yake yote. Ikiwa mwenye kukitunga kitabu alikirudia kila siku, sisi tuliokipokea tu tutajisifia nini?

Labda mwingine atasema: "Vema, nami nitatenga siku moja katika mwezi, nisome tangu asubuhi hata jioni." Nia hiyo ni njema, lakini kichwa cha mtu hakikuumbwa hivyo. Mtaalamu mmoja wa Ujerumani, Hermann Ebbinghaus, mzaliwa wa Barmen, alijipima mwenyewe, akatoa kitabu chake mwaka 1885. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, kisha akapima zimebaki ngapi. Aliona kwamba jambo lililojifunzwa hutuponyoka upesi sana katika saa za kwanza, na baadaye polepole. Tena aliona kwamba kurudia mara 38, kukigawanywa katika siku tatu, kulimfaa sawasawa na kurudia mara 68 kwa siku moja. Tazameni faida hiyo! Wazee wetu walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba, na mizani ya mtaalamu yawashuhudia.

Liko na neno la pili, ambalo watu wengi hawalijui. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wataalamu wa Marekani, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Wengine waliirudia habari kwa macho tena na tena. Wengine waliisoma, kisha wakaiweka kando na kuandika yote waliyoyakumbuka. Baada ya dakika tano wale wa kwanza waliongoza. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliokuwa na mengi. Maana yake ni kwamba macho yakipita juu ya maneno, moyo hujidanganya kuwa umeyashika. Afadhali kusoma ukurasa mmoja, kufunga kitabu na kumsimulia mkeo au mwanao ulichokisoma, kuliko kupitia kurasa kumi kimya.

Basi, mazoea hayo yajengwe namna gani? Kwanza, yafungwe na jambo lifanyikalo kila siku bila kusahauliwa: baada ya chai ya asubuhi, au mara ng'ombe wakiisha kukamuliwa. Tusiseme "nitasoma nikipata nafasi", kwa kuwa nafasi haipatikani, hutengwa. Pili, kipimo kiwe kidogo, hata mtu aliyechoka aone haya kukikataa. Dakika kumi na tano zatosha kuanza. Tatu, kitabu kikae mahali pake tayari, na simu iachwe chumba kingine, maana ni mgeni asiyebisha hodi. Nne, mtu asikate tamaa upesi. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuata watu 96 waliojaribu kuanza tendo jipya la kila siku, kama kunywa maji au kufanya mazoezi ya mwili, wakatoa habari zao mwaka 2010. Katikati yao zilihitajika siku 66 hata tendo likawa jepesi. Mwingine siku 18, mwingine ilikadiriwa siku 254. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakukuiharibu kazi. Basi aliyeanguka Jumanne asingoje mwaka mpya. Na arudi Jumatano.

Hapa tutaulizwa neno lililo gumu kuliko yote: "Je, jambo lifanywalo kwa mazoea lina thamani gani? Mafarisayo nao walikuwa na desturi. Si afadhali kusoma moyo unapotaka?" Twajibu kwa mfano wa mifereji ya Kilimanjaro. Tangu kale wazee walichimba mifereji kuyaleta maji ya mlimani hata migombani. Mfereji hauzai maji, wala hakuna mwenye akili aujivuniaye kana kwamba ndio uliozaa mvua. Lakini pasipo mfereji maji yapita korongoni na kwenda zake, na migomba yakauka huku mto ukisikika. Tena mfereji usiposafishwa, majani na udongo huuziba kidogo kidogo, na mwenye shamba hajui ila siku ya zamu yake. Mazoea ndiyo mfereji. Hayatupi hekima, wala hayatuhesabii haki mbele za Mungu. Yafungua njia tu. Na moyo usiotaka kusoma leo, mara nyingi huanza kutaka baada ya mstari wa tatu. Angojaye moyo upende kwanza, atangoja siku nyingi.

Ndugu zetu, sisi hatuandiki kama watu waliokwisha kushinda. Twakosa siku, nasi twarudi. Lakini baada ya siku ile ya aibu tulianza kusoma kila asubuhi kabla watu hawajafika barazani, na sala ikawa somo letu la kwanza. Miezi ilipita. Kisha tulimwita msichana yule, tukamwambia: "Swali lako hatukulijibu vema. Tumelisoma tena, na bado twalisoma. Keti, tulitazame pamoja." Hatukuwa na majibu mengi kuliko yale ya kwanza. Ila safari hii aliuliza swali la pili, na la tatu, hata giza likaingia.

Basi kesho asubuhi, kabla ya kazi nyingine, kila mmoja wetu na afungue ukurasa mmoja. Mungu awabariki.