Aliyeona Anadaiwa Nini?

Sisi tunaofundisha Kiswahili huku bara, kandokando ya Ziwa Tanganyika, tumezoea kufundisha maneno ya bahari kwa msaada wa picha. Siku moja nilikuwa nikieleza neno nguva. Nilichora ubaoni mnyama mnene mwenye mkia uliogawanyika kama wa nyangumi, nikasema kwamba hunyonyesha mtoto wake na hula nyasi za baharini. Msichana mmoja akauliza: "Mwalimu, huyo umemwona wewe?" Nikakiri kuwa sijamwona. Akaendelea: "Na yule aliyemwona akamchora, alimfanyia nini?" Darasa likacheka. Mimi sikucheka, maana sikuwa na jibu.

Swali hilo limenirudisha kwenye habari ya kisiwa kimoja kilicho mbali sana nasi, ambako aliishi jamaa mkubwa wa nguva wetu. Naomba wasomaji waniwie radhi niwapeleke huko kwa muda, kwani huko ndiko swali la mtoto yule lilikopata jibu chungu.

Mnamo Novemba 1741, chombo cha Warusi kiitwacho Mtakatifu Petro kilikwama katika kisiwa kisichokaliwa na watu, mashariki ya Kamchatka. Nahodha mkuu, Vitus Bering, alifia hapo mwezi uliofuata, na kisiwa kikapewa jina lake. Wengi wa mabaharia walikuwa wameshikwa na kiseyeye. Miongoni mwao alikuwamo tabibu na mtaalamu wa viumbe, Mjerumani Georg Wilhelm Steller. Katika shida hiyo yote Steller hakuacha kutazama. Aliandika habari za mamalia wa bahari aliowakuta: fisi-maji wa baharini, simba bahari, sili wenye manyoya, na mnyama mmoja ambaye hakuna mtaalamu aliyewahi kumweleza kabla yake. Huyo alikuwa nguva mkubwa asiye na meno, mwenye ngozi nene kama gamba la mti, aliyekula mwani karibu na ufuko. Jike mmoja aliyepimwa na Steller mwaka 1742 alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 7.

Steller aliagiza mnyama huyo achorwe, lakini michoro ile ilipotea. Luteni Sven Waxell, aliyeshika uongozi baada ya Bering, naye alimchora katika ramani, pamoja na simba bahari na sili. Kwa hiyo picha ya mkono wa shahidi wa macho iliyotufikia ni ile ndogo iliyowekwa kupamba ramani. Maelezo ya Steller yalichapishwa kwa Kilatini mwaka 1751, miaka mitano baada ya mwandishi mwenyewe kufariki.

Katika maelezo hayo mna jambo linalogusa moyo. Steller asimulia kwamba jike alipochomwa chusa, dume alijaribu kumkomboa, akamfuata hadi ufukoni, na siku zilizofuata alikutwa bado yupo karibu na mzoga. Aliyeandika hayo alikuwa miongoni mwa walioila nyama ile. Je, tumlaumu? La. Watu wale walikuwa wagonjwa na wenye njaa, na nyama hiyo iliwapa nguvu ya kujenga chombo kipya kutokana na mabaki ya kile cha zamani, hata watu 46 wakarudi makwao mwaka 1742. Mwenye njaa akila, hatumhukumu sawa na mwenye tamaa.

Lakini waliorudi walibeba ngozi za fisi-maji, na habari za utajiri huo zikaenea. Wawindaji wakafuata, mwaka baada ya mwaka, wakitafuta ngozi, na nguva akawa posho yao ya safari. Wengi waliochomwa chusa walikimbilia baharini wakafa bure bila kuliwa. Inakadiriwa kwamba wanyama hao hawakufika 2,000 tangu mwanzo. Kwa kadiri inavyojulikana, wa mwisho aliuawa mwaka 1768. Tangu Steller amwone hadi aishe ni miaka 27 tu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza hata hakuwa ameanza kuota mvi.

Methali yetu yasema, mwenye macho haambiwi tazama. Ni kweli, lakini methali hiyo haisemi mwenye macho afanye nini akisha kutazama. Hapo ndipo penye swali la maadili. Wako wasemao kwamba kazi ya mtaalamu ni kueleza ukweli, na kwamba akiisha kueleza vizuri deni lake limelipwa. Kwa maoni hayo Steller hadaiwi kitu, kwani kazi yake ilikuwa ya uaminifu mkubwa, na bila yeye tusingejua hata kwamba tumepoteza.

Mimi naona hoja hiyo ina nusu ya ukweli. Yuko mtu mwingine asiyetajwa mara nyingi, mhandisi wa madini aitwaye Pyotr Yakovlev. Yeye alifika kisiwa jirani cha Medny, akaona kwamba nguva walikuwa wamekwisha huko kufikia mwaka 1754. Mwaka 1755 aliwaandikia wakuu wa Kamchatka akiomba uwindaji uzuiwe katika Kisiwa cha Bering, yasije yakatokea yale yale. Ombi lake halikuzaa matunda. Hata hivyo, tukiwalinganisha, Waxell alichora, Steller alieleza, na Yakovlev aliomba. Huyo wa mwisho ndiye aliyeona kuwa kujua ni amana, na amana hurudishwa kwa mwenyewe.

Atakuja mtu aseme: ombi lisilosikilizwa lina faida gani? Namjibu kwa kuitazama tena ramani ya Waxell. Sili waliochorwa karibu na nguva nao waliwindwa karibu waishe. Lakini mwaka 1911 Urusi, Marekani, Uingereza na Japani zilitia saini mkataba wa kuwalinda, na fisi-maji wa baharini akaingizwa humo. Wanyama hao wangalipo leo. Ni kweli kwamba walikuwa wameenea sehemu nyingi zaidi, hivyo walipata muda wa kungojewa. Lakini hawakuokolewa na uzuri wa picha zao. Waliokolewa siku sauti ya mwombaji ilipopata sikio la mwenye amri. Asingekuwapo wa kuomba, pasingekuwapo cha kusikiwa.

Sasa turudi kwetu. Nguva wa pwani yetu si hadithi. Wachache wamebaki kati ya Rufiji na Mafia, na Lamu, na kundi kubwa kuliko yote liko Bazaruto nchini Msumbiji. Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa katika orodha ya viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wengi hufa kwa kunaswa na majarife yaliyotegewa samaki wengine. Hakuna anayewachukia; wanakufa katikati ya shughuli za watu wanaotafuta riziki, kama wale wa Bering.

Sisi walimu wa lugha si wavuvi wala watunga sheria. Twaweza kujitoa kwa kusema kwamba kazi yetu ni maneno. Lakini mwenye kumfundisha mtoto jina la kiumbe amemfanya kuwa mmoja wa wajuao, na ni haki ampe pia habari za hali yake. Tukiacha hivyo, tutawalea watoto watakaoandika insha nzuri juu ya nguva kama tunavyoandika juu ya wafalme wa kale.

Msichana yule sasa yuko darasa la juu. Mwaka huu nilipolifikia tena neno nguva nilichora kama kawaida, kisha nikachora na jarife kando yake, nikawaomba wanafunzi wamwandikie barua mtu wanayedhani anaweza kufanya jambo.