Mfalme Ludoviko: Mkali au Mpole?

Wapenzi wakatekumeni, watu hupenda kuwagawa wakubwa wao: huyu ni mkali, yule ni mpole. Basi Mtakatifu Ludoviko, mfalme wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1270, alikuwa wa namna gani?

Mwaka 1259 bwana mmoja mkubwa, Enguerrand de Coucy, aliwanyonga vijana watatu pasipo hukumu, kwa kuwa waliwinda katika msitu wake. Wakubwa wenzake walimtetea. Mfalme hakumwachilia bure: alimtia kifungoni, akamtoza mali nyingi, akamwamuru aweke Misa kwa ajili ya roho za marehemu. Hapo alikuwa mkali.

Lakini maskini aliwalisha kwa mkono wake mwenyewe. Tena aliketi chini ya mti huko Vincennes, akasikiliza shauri la kila mtu, wala mlinzi hakumzuia mnyonge. Hapo alikuwa mpole.

Mwaka 1247, kabla ya kwenda vitani, aliwatuma watawa wawaulize raia: Mfalme na watumishi wake wamewanyang'anya nini? Kilichotwaliwa kwa dhuluma kirudishwe. Hapo ukali wake ulimwelekea yeye mwenyewe.

Kumbe, tabia yake haikumtawala. Yeye aliitawala kwa haki.

Ee mkatekumeni, usiseme: Ndivyo nilivyozaliwa. Jiulize: Mimi ni mkali kwa nani, na mpole kwa nani? Kama u mkali kwa mke na mtoto, bali mpole mbele ya tajiri mdhalimu, geuza moyo wako kabla ya kuomba maji ya Ubatizo.