Unainywa Ifanye Nini?

Rafiki yangu mmoja, mwanafunzi wa mwaka wa tatu, ana jibu moja tu ukimgusia pombe: “Gredi zangu ziko sawa. Shida iko wapi?” Na kweli ziko sawa. Ndiyo maana swali lake linanisumbua kuliko la yule aliyekwama na sapu nne. Huyo wa sapu, kila mtu tayari ana hotuba yake.

Sheria nayo haina neno naye. Ile ya kudhibiti vileo ya 2010, tuliyoizoea kwa jina la Mututho, inataka baa ikae angalau mita 300 kutoka shule za walio chini ya miaka 18. Chuo kikuu hakimo. Ukifika 18 wewe ni mtu mzima, jipange.

Lakini ona tulivyokubali kwamba mtihani ndio hakimu wa pombe. Mzazi anasema: usinywe, utafeli. Mwanafunzi anajibu: nimekunywa na sijafeli. Kesi kwisha. Hoja ya mzazi ina ukweli wake, kwa sababu pombe huvuruga usingizi, na usingizini ndipo ubongo huyatuliza yale uliyosoma. Soma mchana, lewa usiku, ni kama kuteka maji kwa pakacha. Ila kuna vichwa vinavyomudu, na kuna kozi ambazo ukikesha wiki moja kabla ya mtihani unapita vizuri tu. Hapo mzazi hana la kuongeza.

Mimi ni wa Wusi, kwenye miteremko ya milima ya Taita, na kwetu kulikuwa na njia nyingine ya kuiangalia pombe. Katika kutasa, mzee alitia funda la pombe ya miwa mdomoni, kisha akaipuliza nje huku akitamka maneno ya kutoa hasira moyoni na kuwaombea wenzake heri. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu ya dini hiyo ya kutoa hasira, kikachapishwa 1978. Sisemi wazee hawakulewa. Walilewa, tusidanganyane, na wake zao walijua. Lakini funda lile lilikuwa na kazi, na kazi yenyewe ilitajwa kwa sauti, watu wakisikia.

Basi nikamuuliza rafiki yangu: wewe unainywa ifanye nini? Akacheka. “Ni kujibamba tu, bro.” Baadaye sana, bila mimi kumchokoza, akasema Jumapili jioni ndiyo mbaya zaidi. Nyumbani wanapiga simu kuuliza masomo, na yeye anajua ni shamba gani liliuzwa pesa za HELB zilipokosa kutosha. Anawaambia kila kitu kiko poa, anakata simu, anatoka. Kile ambacho mzee angekitema mbele ya ndugu zake, yeye anakimeza. Jumatatu anaingia darasani, na mwisho wa muhula anapata B.

Karatasi ya matokeo haina safu ya hilo. Watu humwambia aache kwa sababu anakunywa jasho la wazazi. Nadhani hiyo ndiyo hoja inayomrudisha baa haraka zaidi. Mimi sijamwambia aache. Nimemwambia Jumapili wakipiga, awaambie kuhusu lile shamba, hata kama glasi iko mkononi.