Damu Isiyokusudiwa

Huko Nyatike, katika kaunti ya Migori, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za utawala wa Mwingereza, mashimo huteremka wima ardhini na watu hushuka kwa kamba, tochi zikiwa vichwani, huku kuta zikishikiliwa na magogo tu. Na pindi masika yaloweshapo udongo, magogo yakiwa machache au yameoza, ukuta huwaporomokea walio chini. Msibani husemwa kwamba ni kudura ya Mungu, kama isemwavyo Homa Bay mashua iliyopakiwa kupita kiasi inapopinduka ikitoka Mbita kwenda visiwani, na mfiwa atafutaye faraja katika neno hilo sina haki ya kumnyima. Bali likitoka kinywani mwa mwenye shimo, aliyejua hali ya magogo yake akaionea uchungu gharama ya kuyabadilisha, hapo huwa ni kumsingizia Mola taksiri ya mja.

Sheria ya Kenya imelikataa singizio hilo. Kifungu cha 202 cha Kanuni ya Adhabu humtia katika hatia ya kuua bila kukusudia si yule tu aliyetenda tendo la haramu likaleta mauti, bali pia yule ambaye, kwa uzembe wa kulaumika, aliacha kutimiza wajibu wake wa kuhifadhi uhai au afya ya mwenziwe. Na adhabu yaweza kufika kifungo cha maisha. Na wale wasemao kwamba marehemu alishuka kwa ridhaa yake, hatari akiiona kwa macho, wamekwisha jibiwa na kifungu cha 213, ambacho hakimwondolei mtu hatia kwa sababu tu kwamba kosa lake lisingeua lau lisingeungana na kosa la marehemu mwenyewe. Naiona hapo insafu kubwa, kwani kijana asiye na shamba wala ajira ana hiari nyembamba mno, ilhali mwenye shimo, sawa na mwenye trela la miwa litembealo usiku bila taa za nyuma katika barabara ya Awendo, ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuzuia.

Hata hivyo yako mauti yasiyo na uzembe wowote, na hapa dini zatufikisha mahali ambapo sheria ya serikali haifiki. Torati yamtaja mtu akataye kuni, chuma cha shoka kikachomoka katika mpini na kumwua jirani; hauawi, lakini hukimbilia mmojawapo wa miji sita ya makimbilio, na haruhusiwi kurejea kwao mpaka afe kuhani mkuu. Kurani nayo, katika sura ya An-Nisaa, aya ya 92, yamtaka aliyeua kwa kukosea amwache huru mtumwa muumini, na kama hana uwezo huo, afunge miezi miwili mfululizo, pamoja na kuwalipa jamaa wa marehemu dia, yaani fidia ya damu. Jamaa wanaweza kuisamehe dia ikawa sadaka. Kafara, yaani kule kumwacha huru mtumwa au kufunga, hawawezi kuisamehe, kwa sababu haikuwa haki yao. Dia imefika hata mahakamani: mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali kuondolewa kwa shtaka la mauaji baada ya familia mbili za Kisomali kupatana kwa dia, nami, pamoja na kuiheshimu suluhu, nahofia malipo yasiyofuatana na toba, kwa kuwa tajiri atayahesabu miongoni mwa gharama za biashara yake.

Mahakama ya Migori haiwezi kumwamuru mtu afunge saumu. Lakini sheria yairuhusu, kabla ya kutoa adhabu, isikilize kauli ya jamaa wa marehemu juu ya madhara yaliyowapata, na yairuhusu pia kumtoza mkosaji fidia. Basi na aitwe mjane kizimbani, aeleze mbele ya mwenye shimo ni nani sasa alipaye karo ya watoto, na mwenye shimo ajibu, kwa ulimi wake na si kwa ulimi wa wakili, magogo yale yangemgharimu shilingi ngapi.